Bawabu wa misuli: Protini ndogo inayoamua lini uvute na lini ulegee

ASUBUHI na mapema, kabla jua halijawa kali, ukisimama Ndia Kuu katika Mji wa Kale wa Mombasa huna budi kujibana ukutani kila baada ya dakika chache. Njia yenyewe ni nyembamba (na "ndia" kwa Kimvita si kingine ila njia), kwa hivyo mkokoteni ukija, aliye mikono mitupu humpisha mwenye mzigo.

Mtazame hamali anayesukuma mkokoteni wa maji. Amepanga mitungi 15 ya lita 20 kila mmoja. Hizo ni kilo 300 za maji peke yake, hujahesabu mbao, magurudumu na chuma. Anainama mbele, anakita mguu wa kulia, na shavu la mguu linafura na kuwa gumu kama jiwe. Akiunyanyua mguu, shavu lile linalegea na kutikisika. Mguu wa kushoto nao unafanya vivyo hivyo. Linakaza, linalegea, linakaza, linalegea, mpaka maji yanafika kwa mwenyewe.

Msomaji mpenzi, sisi sote tukimwona hamali huyo hustaajabia nguvu zake za kukaza. Ni wachache watakaostaajabia vile anavyolegeza. Tumezoea kudhani kwamba msuli uliolegea ni kama punda aliyefunguliwa gari: kazi imekwisha, anajipumzikia.

Wataalamu wa elimu ya viumbe wana habari tofauti. Wanasema ndani ya msuli wako, hata sasa hivi ukiwa umekaa kwenye kiti na gazeti mkononi, vyombo vya kuvutia viko tayari na vina nguvu za kutosha. Havivuti kwa sababu viko walinzi wanaovizuia. Walinzi hao ni protini, na mkubwa wao anaitwa troponini. Huyu ndiye bawabu wa misuli. Kumjua si jambo la wanafunzi wa mtihani pekee, maana siku moja anaweza kukuokolea mzazi wako, kama tutakavyoona mbele.

KAMBA NA MIKONO

Chukua kipande cha nyama ya ng'ombe iliyochemshwa ikaiva sawasawa. Ukiichambua kwa vidole utaona inachanika nyuzinyuzi. Kila uzi umekusanya nyuzi nyembamba zaidi, na ndani ya hizo, kwa kutumia hadubini yenye nguvu, utakuta mafungu madogo yaliyopangana kama mabehewa ya garimoshi. Fungu moja lina urefu wa mikroni mbili na ushei. Ili upate milimita moja ya msuli, itakubidi upange mafungu kama 450.

Ndani ya kila fungu mna nyuzi za aina mbili. Ziko nyuzi nene, zilizotengenezwa kwa protini iitwayo miosini, na nyuzi nyembamba, ambazo ni za protini iitwayo aktini. Nyuzi nene zimechomoza vichwa vidogo pande zote, na vichwa hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ya mikono.

Waliowahi kuwaona mabaharia wa jahazi wakipandisha tanga watafahamu mara moja. Foromali ni nzito, hainyanyuliwi kwa mvuto mmoja. Mabaharia huishika kamba, huivuta, huiachia, kisha huishika tena mbele kidogo. Kwa kuwa hawaachii wote kwa pamoja, kamba hairudi nyuma. Kamba haifupiki wala mikono haifupiki. Kinachotokea ni kamba kuteleza ikipita mikononi mwa watu.

Basi na msuli ni vivyo hivyo. Vichwa vya miosini hushika uzi wa aktini, huuvuta hatua ndogo sana ya takriban sehemu moja ya laki moja ya milimita, huuachia, kisha huushika tena. Nyuzi zinateleza na kuingiliana, fungu linafupika, na mafungu maelfu yakifupika kwa pamoja, mguu wa hamali unasogea.

Siri hii ilifichuliwa mwaka 1954 na makundi mawili ya wanasayansi yaliyochapisha ripoti zao katika toleo moja la jarida la Nature. Kundi moja lilikuwa la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na la pili la Hugh Huxley na bibi mmoja mtaalamu, Jean Hanson. Akina Huxley hao wawili hawakuwa na udugu wowote, ingawa walishirikiana jina na ugunduzi.

KOMEO LA MLANGO

Sasa swali linakuja. Ikiwa mikono ipo na kamba ipo, mbona hatukazi saa zote? Mbona mtoto akilala mikono yake inakuwa laini kama mkate wa kumimina?

Tembea vichochoro vya Mji wa Kale uitazame ile milango mikubwa ya nakshi. Mlango unaweza kuwa mzito wa kuogofya, lakini kinachokuzuia kuingia ni komeo lililolazwa kwa ndani. Na katika nyumba za wakubwa wa zamani, komeo lilikuwa na bawabu wake. Ukibisha, yeye ndiye aliyeamua kama litaondolewa.

Juu ya uzi wa aktini limelazwa komeo la namna hiyo. Ni protini ndefu, nyembamba, iitwayo tropomiosini. Komeo moja hufunika vipande saba vya aktini, na limelala mahali hasa ambapo vichwa vya miosini vingetaka kushika. Mikono inanyooshwa, inakuta pameziba.

Na juu ya kila komeo ameketi bawabu, yaani troponini. Bawabu huyu ana sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inamfunga kwenye komeo. Sehemu ya pili ndiyo inayokataza: hulishikilia komeo mahali pake, mikono isipate pa kushika. Sehemu ya tatu ni kama kiganja kilichofumbuliwa kikingoja kupewa kitu, na kitu chenyewe ni kalsiamu.

Naam, ni kalsiamu ile ile iliyomo kwenye mifupa, maziwa na maganda ya mayai. Msuli umeihifadhi ndani ya vifuko vidogo vinavyozizunguka nyuzi zake. Msuli ukiwa umelegea, kalsiamu iliyo huru nje ya vifuko hivyo, ndani ya seli, ni haba mno: ni kama mara 10,000 chini ya ile iliyomo katika majimaji yaliyo nje ya seli.

Hamali anapotaka kupiga hatua, ujumbe hutoka kwenye ubongo, hupita uti wa mgongo na kuteremka kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye msuli. Vifuko hufunguka. Kalsiamu humwagika. Bawabu anaipokea kiganjani, umbo lake linabadilika, analegeza mkazo wake, na komeo linasogea pembeni. Papo hapo mikono inashika kamba na kuvuta.

Ujumbe ukikoma, pampu zilizo kwenye kuta za vifuko huanza kuirudisha kalsiamu ndani. Kiganja cha bawabu kinabaki kitupu, komeo linarudi mahali pake, msuli unalegea. Waswahili husema jambo limetokea kwa kufumba na kufumbua. Basi hata huko kufumba na kufumbua kwenyewe ni kazi ya mabawabu hawa katika misuli ya kope.

MAJI YA BOMBA YA LONDON

Ilichukua muda mrefu kumtambua bawabu huyu, na kisa chenyewe kilianzia kwenye maji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880, daktari Mwingereza aitwaye Sydney Ringer alikuwa akichunguza mioyo ya vyura mjini London. Moyo wa chura ukitolewa na kuwekwa katika maji ya chumvi yanayofaa, huendelea kupiga kwa muda. Ringer aliona moyo ukipiga vizuri, akaamini kuwa maji yake yalikuwa maji safi yaliyotoneshwa na kutiwa chumvi ya kawaida tu. Kumbe sivyo. Yalikuwa maji ya bomba ya mjini London. Alipotumia maji yaliyotoneshwa kweli kweli, mapigo yalififia na mwisho moyo ukanyamaza.

Kitu gani kilikuwamo katika maji ya bomba kisichokuwamo katika maji safi? Mwaka 1883 alitangaza jibu: kalsiamu. Akitia kidogo tu, moyo ulianza tena kupiga.

Watu wa Mombasa hawatashangaa sana kusikia maji yana kalsiamu. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo ni chokaa, yaani kalsiamu iliyochanganyika na vitu vingine. Ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika linalochemshiwa maji magumu ya kisima ni chokaa hiyo hiyo.

Lakini Ringer alijua tu kwamba kalsiamu inahitajika. Hakujua inakwenda kumgongea nani mlango. Jibu la swali hilo lilingoja zaidi ya miaka 80.

Miosini ilikwisha pewa jina tangu mwaka 1864. Aktini ilitambuliwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili na Brunó Straub, katika maabara ya Albert Szent-Györgyi huko Hungary. Tropomiosini ilitangazwa na Mwingereza Kenneth Bailey mwaka 1946. Lakini kulikuwa na fumbo. Wanasayansi wakichanganya miosini na aktini zilizosafishwa sana, mchanganyiko ulikaza bila ya kujali kama kalsiamu ipo au haipo. Wakitumia mchanganyiko ambao haukusafishwa sana, ulisubiri kalsiamu kwa adabu.

Aliyelitegua fumbo hilo ni Mjapani, Setsuro Ebashi, wa Chuo Kikuu cha Tokyo, akisaidiana katika sehemu ya kazi na mkewe Fumiko. Wakubwa wengi wa fani hiyo walitilia shaka wazo lake kwamba kitu cha kawaida kama kalsiamu ndicho kinachowasha na kuzima msuli. Ebashi hakukata tamaa. Alifikiri hivi: ikiwa mchanganyiko mchafu una utii na ule safi hauna, basi yuko mtu aliyetupwa nje pamoja na uchafu. Akamtafuta. Mwaka 1965, yeye na wenzake walimtenga na kumpa jina, troponini.

Hapo mwanafunzi mmoja atauliza: je, nikila dagaa kwa wingi na kunywa maziwa asubuhi na jioni, misuli yangu itavuta zaidi? La hasha. Kalsiamu ya chakula ni muhimu, hasa kwa mifupa, ambako asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imewekwa kama akiba benkini. Ila mwili hukilinda sana kiwango kilichomo katika damu, nao msuli wa mguu au mkono hutumia zaidi ile iliyo kwenye vifuko vyake, ukiitoa na kuirudisha. Nguvu huongezwa na mazoezi.

Na wazee wa barazani, wenye vikombe vyao vya kahawa chungu, wasije wakajivuna pia. Ni kweli kwamba katika maabara kafeini nyingi ikitiwa kwenye msuli huvifungua vile vifuko vya kalsiamu. Lakini kahawa ya dele, hata ukinywa vikombe vitano, haifiki kiwango hicho ndani ya misuli. Uchangamfu unaousikia unatoka zaidi kwenye ubongo.

FUNZO LA SOKO LA SAMAKI

Tulisema kwamba kulegea si kupumzika tu. Ushahidi wake uko katika soko la samaki, karibu na Bandari ya Kale.

Mnunuzi mjuzi hamtazami samaki macho na matamvua tu. Humshika kichwani akamnyanyua. Changu akiinama na kuning'inia kama kitambaa, ama ametoka baharini sasa hivi, ama amekaa sana. Akisimama wima kama ubao, yuko katikati. Mvuvi atakuambia "huyu amekaza", bila ya kufungua kitabu chochote.

Kwa nini maiti akaze? Kila kazi ya msuli hulipiwa kwa kemikali iitwayo ATP, ambayo mwili huitengeneza kutokana na chakula na hewa. Wengi wetu tungedhani malipo hayo ni ya kuvuta peke yake. Kumbe mkono wa miosini ukishashika kamba hauwezi kuiachia mpaka ATP mpya ije iuguse. Tena zile pampu zinazoirudisha kalsiamu kwenye vifuko nazo zinalipwa kwa ATP.

Samaki akifa, hewa haiji tena na ATP inakwisha. Pampu zinasimama, kalsiamu inavuja, bawabu anaipokea na komeo linaondoka. Mikono inashika kamba. Na kwa kuwa hakuna ATP ya kuiachilia, inabaki imeshika hivyo hivyo. Hapo ndipo changu anakuwa ubao. Baadaye, protini zinapoanza kumeng'enywa na kukatikakatika, anarudi kulegea, lakini kulegea huko ni kwa kuchakaa.

Ndiyo sababu samaki aliyepigana sana na mshipi au wavu hukaza upesi kuliko aliyekufa bila ya kuhangaika: alikwisha tumia akiba yake ya ATP kabla ya kufa. Na ndiyo sababu barafu ni rafiki wa mvuvi, maana baridi hupunguza kasi ya mambo haya yote.

Kwa hiyo, msomaji, kila unapolegeza mkono wako, umelipia. Aliye hai ndiye anayeweza kuachia.

NI RIAHI AU NI MOYO?

Samaki wa sokoni amekufa mzima. Lakini kuna wakati kipande cha msuli hufa ndani ya mtu aliye hai, na hapo ndipo bawabu wetu anapogeuka kuwa shahidi.

Nina ami yangu, mtu wa Kibokoni, aliyestaafu kazi. Jioni moja, baada ya sala ya isha, alikuwa ameketi barazani na wenzake. Ghafla akaweka kikombe chini na kujikandamiza kifuani.

"Ni riahi tu," akasema. "Nipeni tangawizi, itashuka."

Tangawizi ikaletwa. Riahi haikushuka. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, akasimama mlangoni akimtazama.

"Baba, na hilo jasho ni la riahi?" akauliza. "Mbona upepo unavuma na wewe umeloa?"

Wazee walicheka. Binti hakucheka. Alimwita nduguye, teksi ikatafutwa, na ami akapelekwa hospitali huku akilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana subira.

Huko alipimwa umeme wa moyo, na michoro haikusema jambo la wazi. Akatolewa damu, ikapimwa troponini. Majibu yakaja: kiwango kiko chini.

"Si niliwaambia?" ami akasema, akitafuta viatu. "Twendeni zetu."

Daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimwinamia. "Shikamoo, mzee wangu. Nakuomba utuvumilie saa tatu nyingine. Tutapima tena."

"Mara ya pili ya nini, na ya kwanza imesema mimi mzima?"

"Mzee, kipimo hiki kinamtafuta mtu aliyetoka nyumbani. Kama ndiyo kwanza anatoka, bado hajafika barabarani."

Ami alivumilia, kwa shingo upande. Kipimo cha pili kilikuwa juu mara kadhaa. Mshipa mmoja unaoupelekea moyo damu ulikuwa umeziba kwa sehemu, na nyama ya moyo ilikuwa imeanza kufa. Alitibiwa usiku ule ule. Leo hii anakwenda msikitini kwa miguu, na akisikia mtu akisema "ni riahi tu" huwa wa kwanza kumkemea.

BAWABU AKIONEKANA BARABARANI

Maneno ya daktari yule yalikuwa na maana kubwa. Troponini ya moyo makao yake ni ndani ya seli za moyo, juu ya nyuzi zake. Kwa mtu mwenye afya, ile inayoonekana katika damu ni kidogo mno. Lakini seli za moyo zikikosa hewa na kufa, kuta zake hupasuka na yaliyomo humwagika. Ukimkuta bawabu anatangatanga barabarani usiku, jua nyumba aliyokuwa akiilinda imebomoka.

Zaidi ya hayo, bawabu wa moyo si yule wa miguu. Troponini ya moyo ina sehemu mbili ambazo umbo lake ni tofauti na za misuli ya mikono na miguu, na vipimo vya maabara vimeundwa ili kuzitambua hizo hasa. Zamani madaktari walitegemea kemikali nyingine zinazotoka pia kwenye misuli ya kawaida. Hamali aliyesukuma mkokoteni mchana kutwa angeweza kupimwa na damu yake ikaonyesha kemikali hizo kwa wingi, ilhali moyo wake ni mzima. Vipimo vya troponini ya moyo vilivumbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2000 wataalamu wa moyo wa Ulaya na Marekani walikubaliana kuvifanya nguzo ya kuutambua mshtuko wa moyo.

Hata hivyo, kuna mambo matatu ya kuyafahamu. Kwanza, troponini huchukua saa kadhaa kupanda, kwa hivyo kipimo kimoja cha mapema kikiwa chini hakitoshi kumrudisha mgonjwa nyumbani. Pili, ikishapanda hukaa juu kwa siku kadhaa, kwa hivyo hata aliyechelewa anaweza kugunduliwa, ingawa sehemu ya moyo iliyokufa hairudi. Tatu, kuna maradhi mengine yanayoweza kuipandisha, kama vile ya figo, na ndiyo sababu daktari huyasoma majibu pamoja na dalili na michoro ya umeme wa moyo.

Dalili zenyewe ni zipi? Aghalabu ni uzito au kubanwa katikati ya kifua kunakodumu zaidi ya dakika chache, maumivu yanayosambaa hadi mkononi, shingoni, tayani au mgongoni, jasho la baridi, kichefuchefu na kukosa pumzi. Tahadhari, lakini: baadhi ya kina mama, wazee na watu wenye kisukari hawasikii maumivu makali ya kifua. Huenda wakalalamika kuchoka ghafla, kukosa pumzi au tumbo kusokota. Watu hao ndio wanaopewa tangawizi na kuambiwa walale.

Wasilale. Wapelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Mgonjwa asiendeshe gari mwenyewe, na asiachwe apande ngazi au kutembea mwendo mrefu. Kila dakika mshipa unapokuwa umeziba, seli zaidi zinakufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ila kwa moyo hata huo ukuta haujengeki tena kwa nyama: hubaki kovu, na kovu halivuti kamba.

Na kabla ufa haujatokea, ziko njia za kuuzuia. Shinikizo la damu lipimwe, kisukari kidhibitiwe, sigara iachwe, na mwili utembezwe. Mji wetu una Mama Ngina pembeni mwa bahari, na upepo wa jioni haulipiwi.

JARIBU MWENYEWE

Leo Jumapili, watoto wakiwa nyumbani, wafanyieni jaribio dogo. Kila mmoja ashike mkono wake wa juu, akunje ngumi na kukaza. Hapo mabilioni ya makomeo yamesogea. Kisha alegeze. Makomeo yamerudi, na kila pampu imelipwa.

Halafu aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo kwa dakika moja. Akipata 70, basi kwa siku moja moyo wake hukaza na kulegea zaidi ya mara 100,000. Hamali wa Ndia Kuu hupata kivuli akaegemea mkokoteni wake. Moyo mapumziko yake yote ni ule muda mfupi wa kulegea baina ya pigo na pigo, bawabu anapokitupu kiganja chake na kulirudisha komeo.

Mwisho, waulize wazee waliomo nyumbani kama kifua chao kimewahi kubanwa wakanyamaza. Pengine mmoja atacheka na kusema ilikuwa ni riahi. Msicheke naye mpaka muwe mmempeleka kupimwa.